Jinsi ya Kuitambua Gundi Iliyoshika

Seremala wa Kisii akitaka kukuuzia meza huanza na vanishi. Huifuta kwa kiganja, ikang'aa, nawe ukajiona humo kama kwenye kioo. Mwache amalize, kisha inama uitazame meza kwa chini, kule ambako brashi haikufika. Nimenunua samani kati ya Suneka na Keroka kwa miaka mingi, nyingine nikazijutia, na kila niliyoijutia ilikuwa inang'aa vizuri sana.

Huko chini tafuta viungo. Uso wa meza si ubao mmoja. Ni mbao nne au tano zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Kiungo kizuri ni mstari mwembamba kama unywele, na kando yake, ikiwa fundi hakukwangua, kuna vitone vya gundi kavu vilivyopangana kama shanga. Vitone hivyo ni habari njema: gundi ilitosha, na klampu zilibana sawasawa mwanzo hadi mwisho. Pasipo na hata kitone, huenda gundi ilikuwa haba. Palipofurika ikaacha michirizi mirefu, fundi alimimina tu bila kipimo, nami huanza kuishuku na kazi yake ya randa. Na ukikuta mstari mpana uliojazwa gundi iliyokorogwa na unga wa msumeno, hapo hakuna kiungo. Gundi nyeupe haijazi pengo. Ule ni uji, na uji ukikauka husinyaa.

Wazee wa Abagusii, wenyeji wa Kisii, waliikwepa shida hii kabisa. Kigoda chao kilichongwa kutoka gogo moja, na shanga, zile za kweli, zikapachikwa kwenye kikalio. Kigoda kama hicho hakina pa kufumuka.

Sisi tuliobaki na mbao za kuunga tuna adui mmoja mkubwa, maji. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, karibu kila mwezi. Kuziita karakana za huku jua kali ni mzaha, maana jua lenyewe mara nyingi huaga saa nane mchana. Mbao zitakauka saa ngapi? Serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, mafundi wengi walizidi kutegemea miti ya mashambani: mkaratusi wa bondeni, saipresi ya kando ya ua, mgrevilea wa katikati ya chai. Mti unaangushwa leo, na kabla ya mwezi kwisha umeshakuwa mguu wa kiti.

Mbao ya samani inafaa kuwa na unyevu wa asilimia 12 hivi. Iliyotoka kwenye msumeno jana inaweza kupita asilimia 30. Gundi nyeupe hushika kwa kupoteza maji yake, yakinyonywa na mbao na mengine yakipaa. Ikikuta mbao imeshiba maji, inabaki imekaa juu juu. Hata ikibahatika kushika, mkaratusi utaendelea kusinyaa na kujikunja miezi kadhaa, na nguvu hiyo haizuiliki kwa gundi yoyote. Kiungo kitaachia, au mbao yenyewe itapasuka kando yake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza karakanani halihusu gundi. Huuliza, "Fundi, mbao hizi zimelala wapi?" Akinipeleka nyuma, nikaona zimepangwa chini ya bati na vijiti katikati yake ili hewa ipite, nakaa tuzungumze bei. Akisema tu "zimekauka hizo, mzee," nainua moja na kuiweka shavuni. Mbao mbichi ni baridi, na ni nzito kuliko umbo lake.

Gundi nyeupe yenyewe haina mambo mengi. Fritz Klatte, mkemia Mjerumani, ndiye aliyeipata ile polivinili asetati mwaka 1912, na leo kopo la Ponal linajulikana kwa mafundi wengi nchini. Lililofungwa kiwandani, lenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, halinipi wasiwasi. Ya kupimiwa kutoka kwenye ndoo ndiyo ya kujaribiwa: paka tone kwenye kioo, uliache usiku kucha. Likiwa angavu na gumu asubuhi, sawa. Likibaki jeupe na kumeguka kama chaki, huenda imechakachuliwa, au usiku ulikuwa wa baridi mno, jambo ambalo mafundi wa Nyansiongo wanalifahamu vizuri mwezi wa Julai.

Gundi ya kontakti ndiyo yenye vituko. Hii ni ile ya rangi ya asali, yenye harufu kali, inayobandika fomaika kwenye kabati na sponji kwenye sofa. Hupakwa pande zote mbili, kisha fundi hungoja dakika 10 hadi 20, mpaka akigusa kwa mgongo wa kidole isimvute. Fundi mzuri hapa utamjua kwa kukaa bure. Akishangoja, hutandika vijiti juu ya ubao, analaza fomaika juu ya vijiti, anaipanga, kisha anavichomoa kimoja kimoja kuanzia katikati. Zikigusana zimegusana, hakuna kusogeza. Baada ya hapo ni kukandamiza kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni, kwa rola au kwa kipande cha mbao na nyundo. Kuiwekea mawe usiku kucha, kama wengine wafanyavyo, hakusaidii sana: gundi hii hutaka nguvu ya mara moja.

Sasa ongeza mvua. Kiyeyushi cha kontakti hupaa haraka, na kikipaa huupoza uso wa gundi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama ilivyo huku dakika chache kabla ya mvua ya alasiri, umande mwembamba hutua juu ya gundi bila mtu kuuona. Nina kabati la jikoni lililobandikwa fomaika alasiri moja ya Aprili, mawingu yakiwa yameshafunga. Kabla ya Krismasi ukingo wa karibu na sinki ulikuwa unainuka, nami naingiza kucha chini yake bila taabu. Fundi aliilaumu gundi. Mimi nailaumu saa.

Kuikagua ni rahisi. Gonga fomaika kwa kifundo cha kidole, sentimita kwa sentimita. Penye gundi sauti ni kavu na fupi. Penye hewa utasikia uvungu. Anza na pembe na kingo.

Vinia ya mbao halisi ni kazi nyingine, na hapa siwaungi mkono mafundi wengi wanaotumia kontakti. Vinia ni nyembamba, mara nyingi haifiki milimita moja, na vanishi ya kupuliza ina tina, yaani kiyeyushi. Tina hupenya, ikailainisha gundi chini, na malengelenge yakatokea. Gundi nyeupe ndiyo yake. Asiye na mashine ya kukandamiza anaweza kupaka pande zote mbili, akaacha ikauke hadi iwe angavu, kisha akapiga pasi ya moto. Hata pasi ya makaa inatosha. Angalia pia upande wa chini wa ubao: ukiwa mtupu, bila vinia, ubao utapinda siku moja kama jani la mgomba juani.

Kuna kazi moja nisiyoikagua hivi, nayo ni jeneza. Lina siku chache tu za kutazamwa, na fundi wake ana haki ya kuharakisha.

Kwa meza, omba kimoja zaidi. Mwambie fundi aunge vipande viwili vya makombo kwa gundi ileile na mbao zilezile, urudi baada ya saa 24. Kibane kimoja, kipige kingine nyundo. Mbao ikichanika na nyuzi zikabaki zimeng'ang'ania upande wa pili, lipa. Vikiachana safi, kila kimoja na uso wake laini, mshukuru na uende kwa jirani yake. Na nenda asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, mwanga ukiingia kwa upande: ndio unaoonyesha madoa meupe ya gundi yaliyofichwa chini ya vanishi.