Pongezi kwa Manusura wa Nyayo House

Ukitoka Mulot kwa matatu unapitia Narok hadi Nairobi, na wengi wa huku waliijua Nyayo House kwa foleni ya pasipoti. Jengo lenyewe, la ghorofa 27, lilikamilika 1983: zege na madirisha, mapambo hakuna. Wapo wanaolisifu, mimi bado sijashawishika. Lakini kisa kiko chini, kwenye vyumba vya giza. Humo, hasa wakati wa msako wa 1986 dhidi ya Mwakenya, vuguvugu la siri la upinzani, washukiwa walifungiwa uchi, wakapigwa, wakaachwa ndani ya maji kwa siku kadhaa.

Februari 2003 serikali ya Rais Kibaki iliwafungulia wananchi vyumba hivyo, kisha vikafungwa tena. Manusura hawakunyamaza. Walikwenda kortini, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikawapa baadhi yao fidia. Wakadai pia vyumba viwe makumbusho. Kusimulia mbele ya jaji jinsi ulivyodhalilishwa ni ujasiri usio na nishani. Hongera kwao.

Serikali nayo isivigeuze stoo. Ivihifadhi vilivyo, iwafungulie wanafunzi, wa Mulot wakiwemo.