Sauti Isiyo na Mjibuji: Santuri ya Kwanza ya Freddie Mercury Peke Yake

Mwezi wa Aprili 1985 kampuni ya CBS ilitoa santuri iitwayo Mr. Bad Guy, albamu ya kwanza aliyoifanya Freddie Mercury bila ya wenzake watatu wa bendi ya Queen. Nyimbo zake ni 11, zote alizitunga mwenyewe, na zilirekodiwa katika studio ya Musicland mjini Munich, akishirikiana na mtayarishaji Reinhold Mack. Uingereza santuri hii ilipanda hata nafasi ya 6 katika orodha ya mauzo. Marekani haikuvuka nafasi ya 159. Tangu hapo aghalabu hutajwa kama mapumziko tu baina ya kazi mbili za bendi. Nataka kuidaia haki yake, walakini si haki yote.

Yafaa kwanza kukumbuka Queen ilivyofanya kazi. Ilikuwa bendi ya roki nzito yenye watunzi wanne, na wimbo wa mmoja haukutoka bila ya kupita mikononi mwa wengine. Mshairi aingiapo katika malumbano huunoa ubeti wake kwa kuwa ajua yuko atakayemjibu. Mjibuji wa Mercury alikuwa gitaa la Brian May, gitaa ambalo May alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake. Sauti ilipopanda, gitaa halikuifuata tu, liliibishia. Katika Mr. Bad Guy, magitaa yapo, lakini yamewekwa kando. Vinanda vya umeme vimetandika mkeka laini, na sauti yatembea juu yake pasipo wa kuizuia.

Je, uhuru huo ulimfaa? Mhakiki ni nadra kupata ushahidi wa swali la namna hii, lakini hapa tunao. Mercury alifariki Novemba 1991. Mwaka 1995 wenzake walizichukua nyimbo mbili za santuri hii, wakaondoa ala za Munich, wakaihifadhi sauti ya marehemu na kuizungushia ala zao. Msomaji aweza kuziweka nakala mbili bega kwa bega.

Katika “Made in Heaven” hukumu haina utata. Nakala ya 1985 ina sauti inayodai ukuu, na ala haziupati. Katika nakala ya 1995 ngoma za Roger Taylor zaingia kwa uzito wake, gitaa la May linakuja nyuma yake, na sauti ile ile yaonekana kana kwamba ilikuwa ikiwangoja miaka kumi. Katika “I Was Born to Love You”, hata hivyo, nasimama upande wa Munich. Wimbo huu ni wa mapenzi mepesi, ya mtu aliyemwona mpenziwe akasimama kucheza. Bendi imeupigia tarumbeta za ushindi, na mahaba yamegeuka gwaride.

Wimbo ulio bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni “Living on My Own”. Hapa upungufu niliousema wageuka kuwa maana yenyewe. Mtu mpweke aimba juu ya mdundo wa dansi, kisha ayaacha maneno na kutoa silabi zisizo na maana, akijiuliza na kujijibu mwenyewe. Gitaa la May lingeuharibu. Mwaka 1993 wimbo huu ulichanganywa upya ukashika nafasi ya 1 Uingereza. Nami siwezi kufurahi sawasawa, kwa sababu mdundo mpya umeujaza ule uwazi uliokuwa roho ya wimbo.

Wimbo uliotoa jina la santuri ni majigambo, umepambwa kwa okestra nzima. Mtu ajigambaye huhitaji umati, na okestra ni umati wa kukodi; lakini nafikiri Mercury alilijua hilo na alikuwa akicheka. Mtu aliyeitunukia santuri yake paka wake hakosi mzaha. “Foolin' Around” na “Let's Turn It On” zapita kama mgeni asiyeketi.

Wanafunzi huniuliza kama imo Zanzibar, maana mwimbaji alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mimi siisikii. Alipelekwa shule India angali mtoto, na mwaka 1964 jamaa zake walihamia Uingereza. Kumtundikia taarabu yetu ni kumvika kanzu isiyo ya kipimo chake.

“There Must Be More to Life Than This” aliwahi kuurekodi pamoja na Michael Jackson, lakini nakala yenye sauti zote mbili haikutolewa hata 2014. Katika santuri ya 1985 auimba peke yake. Tarehe 13 Julai ya mwaka huo huo alisimama tena na Queen katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid, kwa muda wa dakika kama 20. Hawakupiga hata wimbo mmoja wa Munich.