Kijiti Kilichowekwa Vizuri

Nesi wa zahanati huko Njoro au Kuresoi, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, humwekea mama kijiti cha kupanga uzazi kwa dakika chache tu, lakini ubora wa kazi hiyo hujulikana miaka mitatu baadaye, siku ya kukitoa.

Mtazame anavyoanza. Mama amelala chali, mkono asioutumia sana umekunjwa, kiganja kiko chini ya kichwa. Nesi anapapasa kifundo cha ndani cha kiwiko, anapima sentimita 8 hadi 10 kuelekea begani, kisha anasogea nyuma kidogo, aliepuke bonde lililo kati ya misuli miwili, kwa kuwa humo hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Anatia alama kwa kalamu. Anasafisha, anadunga ganzi, anangoja. Asiyengoja ganzi ishike mimi simwiti fundi, hata awe mwepesi vipi. Sindano ikishatoboa anailaza, na anapoisukuma, ncha yake inainua ngozi. Ngozi ikituna hivyo, anajua yuko juu, hajazama nyamani. Mwisho anakishika kidole cha mama na kukipitisha hapo: “Unakisikia, mama?”

Kijiti cha Implanon NXT kina urefu wa sentimita 4 na unene wa milimita 2. Ni plastiki iliyobeba miligramu 68 za homoni, imevikwa utando mwembamba wa plastiki hiyohiyo. Utando huo ndio unaopima dozi: majuma ya mwanzo hupenya maikrogramu 60 hadi 70 kwa siku, na mwisho wa mwaka wa tatu 25 hadi 30. Hakuna betri wala saa ndani yake.

Na wazo hili la kuachilia dawa polepole mwilini lilianzia kwenye moyo. Mwaka 1964 Judah Folkman na David Long wa Marekani walieleza jinsi mpira wa silikoni unavyopitisha dawa polepole. Walikuwa wakitafuta tiba ya mapigo ya moyo yaliyovurugika. Sheldon Segal wa shirika la Population Council akalihamishia wazo hilo kwenye uzazi wa mpango, na Norplant, yenye vijiti sita, ikaidhinishwa Finland mwaka 1983. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta karibu mmoja kati ya kila wanawake watano walioolewa anatumia kijiti.

Siku ya kukitoa, nesi hubonyeza ncha ya upande wa bega, ile ya kiwiko ikachomoza. Chale ya milimita 2 au 3 hutosha. Kilichozama hutafutwa kwa eksirei au ultrasaundi, na mama hupewa rufaa hadi Nakuru mjini, akatumia nauli na kupoteza siku nzima ya kibarua. Mara nyingi anayetoa si aliyeweka, wala hawajuani. Akikikuta juu, kimenyooka, anamtambua fundi mwenzake. Na mama akitaka kingine, hupitishwa kwenye tundu lilelile.