Dax Alialikwa Karamuni

Siku hizi ukisoma lolote kuhusu "Past Tense" utakuta watu wanahesabu miaka. Hicho ni kisa cha sehemu mbili cha Star Trek: Deep Space Nine, kilichorushwa Januari 1995, na kinadai kuwa kufikia 2024 miji ya Marekani itakuwa imewafungia maskini nyuma ya kuta. 2024 imekuja, imepita, na mashabiki wanatoa maksi: hapa walipatia, pale walikosea. Nimekirudia juzi na hiyo hesabu haikunishughulisha. Waandishi walikuwa wakiangalia mitaa yao wenyewe, na pia uasi wa wafungwa wa Attica wa 1971.

Kilichonikaa kiko mwanzoni kabisa. Hitilafu ya mtambo inawatupa watu watatu San Francisco, siku moja, bila kitambulisho. Sisko, mtu mweusi, na Bashir, ambaye mwigizaji wake alizaliwa Sudan, wanaamshwa na walinzi na kupelekwa kwenye mtaa uliozungushiwa ukuta. Dax, mwanamke mweupe, anaokotwa na tajiri. Muda si muda ameshapata makaratasi, na yuko karamuni. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza tofauti yenyewe. Tunaonyeshwa tu, huku na kule, tujionee.

Ndani ya ukuta kila mtu ana jina la aina yake. Anayetafuta kazi anaitwa "gimme", yaani wa nipe-nipe. Mimi niliacha chuo na naishi kwa vibarua vya kuandika. Hilo jina silihitaji kutafsiriwa. Najua vile mtu huanza kukuangalia ukishamwambia kwamba bado unatafuta.

Sasa, shida yangu na kisa hiki ni Gabriel Bell. Historia inasema Bell alikufa akiwalinda mateka, na kifo chake kikawaamsha Wamarekani. Lakini anauawa mapema kwa sababu ya wageni hawa, ule mustakabali mzuri unafutika, na Sisko inabidi avae jina lake. Ati maskini elfu kadhaa hawatoshi, lazima apatikane shujaa mmoja. Na wakati huo Webb yupo pale pale: baba wa familia, mstaarabu, anataka kazi tu, na ndiye anayewashawishi majirani wasimame pamoja. Webb anauawa wanajeshi wanapovamia. Picha inayobaki kwenye kumbukumbu ni ya "Bell", yenye sura ya Sisko.

Wakazi wanapopata mtandao kwa muda mfupi, wanapanga foleni wasimulie maisha yao. Kisa kinaamini kwamba watu wakisikia, watabadilika. Mwaka 1995 imani hiyo ilikuwa rahisi. Sisi tumeshasikia hadithi nyingi sana kwenye simu zetu, tukatikisa kichwa, tukasukuma kidole juu, tukaona inayofuata.

Mwishoni Bashir anauliza iliwezekanaje mambo yakaachwa yaharibike hivyo, na Sisko hana jibu. Hapo namheshimu mwandishi. Ukipata saa moja na nusu, kitazame, lakini usimfuate Sisko. Mfuate Webb, kutoka anapotokea hadi anapolala, uone ni mara ngapi kamera inamsahau.