Kabati la Redio ya Zamani: Unyevu Kwanza, Msasa Mwisho

Redio ya kabati ya miaka ya 1930 hadi 1950 ikifika kwa seremala wa Garissa, macho hukimbilia vanishi iliyochakaa, na mkono huenda moja kwa moja kwenye msasa. Hapo ndipo kabati huuawa. Ugonjwa wake hauko juu. Uko kwenye gundi na kwenye unyevu uliomo ndani ya mbao.

Tuanze na lilivyoundwa. Viwanda vya enzi hiyo, kama Philips ya Uholanzi na Murphy ya Uingereza, iliyosanifiwa makabati na R. D. Russell katika miaka ya 1930, havikutegemea mbao nene nzima. Mara nyingi mwili ulikuwa plaiwudi. Juu yake ilibandikwa vinia ya mti wa thamani, unene wake chini ya milimita moja, kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Mwishowe ikapulizwa vanishi ya selulosi.

Sasa lihamishe kabati hilo kutoka Mombasa, penye unyevu wa bahari, hadi Garissa, penye hewa kavu. Mbao hupoteza maji na kusinyaa, zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu. Gundi kavu hukatika, na vinia huinuka pembeni. Mto Tana, unaopita hapo Garissa, nao huleta madhara ya kinyume. Mafuriko kama yale ya Novemba 2023 yakiingia nyumbani, maji huilainisha gundi hiyohiyo, vinia ikabanduka na viungo vikaachia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni subira. Kabati lililolowa lisianikwe juani. Uso ukikauka mbele ya kiini, mbao hupinda na kupasuka. Liwekwe kivulini penye hewa, limeinuliwa kutoka sakafuni, mitambo ikiwa imetolewa. Hata kabati kavu lililotoka pwani liachwe wiki kadhaa lizoee hewa ya mahali kabla ya kuguswa, kwa sababu pengo likizibwa leo, kesho mbao itasinyaa tena na ufa utarudi.

Ya pili ni gundi, na ninashikilia kwamba gundi ya ngozi ndiyo inayofaa. Chembe zake hulowekwa katika maji baridi hadi zivimbe, kisha chombo chake huwekwa ndani ya maji ya moto, karibu nyuzijoto 60. Ikichemka, hupungua nguvu. Gundi hii huganda inapopoa, hivyo joto la mchana wa Garissa, linaloitesa mbao, humpa fundi muda zaidi wa kupanga vinia kabla ya kukaza klampu. Kati ya klampu na vinia iwekwe nailoni na ubao bapa, ili mkazo uenee sawasawa.

Vanishi ndiyo ya mwisho. Doa dogo mahali pa siri huonyesha ni vanishi ya aina gani: ikilainika kwa spiriti, ni shelaki, ikikataa spiriti na kulainika kwa thina ya selulosi, ni selulosi. Iondolewe kwa kiyeyusho chake na kitambaa. Msasa mkali hupitia vinia nzima kwa mipapaso michache, na hapo hakuna tena cha kufufua. Vanishi mpya ipulizwe alfajiri, kabla ya upepo kubeba vumbi na kabla ya joto kukausha matone yakiwa bado hewani. Fundi akitumia pia mafuta ya kitani, matambara yenye mafuta hayo yatandazwe yakauke. Yakirundikwa, hujipasha moto na kuwaka yenyewe.

Wengi hupenda gundi ya epoksi kwa kuwa hushika kabisa. Kwangu hilo ni kosa lake. Hali ya hewa ya Garissa haitaacha kuitikisa mbao, na kiungo kilichogundishwa kitahitaji kufunguliwa siku moja. Gundi ya ngozi hukubali kufunguliwa kwa maji ya moto, mbao ikabaki nzima. Epoksi humlazimisha seremala ajaye kuvunja alichotaka kuokoa.