Macho Ukutani, Chai Bado Haijalipwa

Mwaka jana, kwa wiki tatu, kulikuwa na picha ya macho mawili juu ya kopo la pesa za chai ofisini kwetu. Mimi ndiye niliyeibandika. Tuko watu wanane, tunagawana ofisi moja, na sheria ni rahisi: ukinywa kikombe, weka shilingi 20. Kila Ijumaa pesa zilikuwa hazitoshi. Wakati huo nilikuwa nasoma Thinking, Fast and Slow ya Daniel Kahneman kwenye simu, ndani ya matatu, na sura ya 4 ikanipa dawa.

Sura hiyo inasimulia jaribio lililofanyiwa chuo kikuu cha Newcastle, Uingereza. Jikoni mwao kulikuwa na kisanduku cha kulipia chai na kahawa kwa uaminifu. Wiki moja juu yake kuliwekwa picha ya maua, wiki iliyofuata picha ya macho. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu. Nilicheka peke yangu pale kwa kiti cha dirishani. Jioni hiyo hiyo nikaprinti macho.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili kopo lilikuwa jepesi zaidi. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linaniaibisha. Sikutilia shaka kitabu, nilitilia shaka mtu. Nilijiambia kwamba kama macho yanawafanya watu wa kawaida walipe, basi huyu anayeendelea kuchukua ni mwizi sugu. Na mama anayetusafishia ofisi ndiye hubaki na ufunguo jioni. Sikumwambia neno. Nilianza tu kulifungia kopo kwenye droo kabla hajafika. Siku ya tatu akaniuliza, "Kwani siku hizi mnaniogopa?"

"Hapana, auntie," nikasema, nikijua ninadanganya.

Mwisho wa mwezi tukakaa chini na daftari. Hakuna aliyeiba. Watano kati yetu tulikuwa tunakunywa huku tukisema "nitaweka kesho". Deni langu peke yangu lilikuwa shilingi 180. Nikalipa, nikamwomba auntie msamaha, nikarudi kwenye kitabu nikiwa nimeudhika.

Si kitabu cha mtu wa mchezo. Kahneman alikuwa mwanasaikolojia aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kitabu chenyewe kilitoka 2011, na hadi leo utakipata kwa wauza vitabu vya inama katikati ya Nairobi, kikiwa kimelala kati ya vitabu vya kutajirika haraka. Watu wengi hatuvisomi vitabu vya aina hiyo ya pili kwa imani kubwa. Hiki tunakiamini kwa sababu mwandishi ni mwanasayansi.

Lakini sura ya 4 inasimama juu ya tope. Inadai kwamba vidokezo vidogo, neno au picha tu, vinaweza kusukuma tabia yako bila wewe kujua. Mfano wake maarufu ni wa John Bargh na wenzake, 1996: wanafunzi waliopewa maneno yanayohusu uzee walitembea polepole zaidi walipotoka chumbani. Kila awamu ya jaribio hilo ilikuwa na watu 30 tu. Mwaka 2012 watafiti wa Brussels walilirudia kwa watu 120, wakapima mwendo kwa mitambo badala ya saa ya mkononi. Wanafunzi hawakupunguza mwendo. Matokeo ya zamani yalijitokeza tu pale wapimaji walipotarajia kuona watu wakitembea polepole. Yale macho nayo? Uchambuzi wa 2017 uliokusanya majaribio mengi ya aina hiyo haukuona kwamba picha za macho zinaongeza ukarimu.

Kinachoniuma si kwamba alikosea. Ni namna alivyoandika. Sura hiyo inamwambia msomaji waziwazi kwamba hana ruhusa ya kutoamini matokeo haya. Na kitabu hicho hicho, sura ya 10, kinaonya juu ya kuamini sampuli ndogo, onyo ambalo Kahneman na Amos Tversky walilitoa tangu 1971! Mwaka 2017 Kahneman mwenyewe alikiri hadharani kwamba aliamini kupita kiasi tafiti zilizokuwa na watu wachache mno. Heshima kwake. Maprofesa wangapi unaowajua wanaoweza kusema hivyo?

Sasa njoo kwenye toleo la kidijitali. Nakala ya karatasi iliyochapishwa 2011 huwezi kuirudisha kiwandani. Inazeeka na makosa yake, na tunaielewa. Lakini nakala yangu niliinunua miaka mingi baada ya kukiri huko, kwa bei iliyoshinda ya inama. Iko kwenye simu ambayo programu zake zote hujisasisha usiku nikiwa nimelala. Nilifungua sura ya 4 nikitafuta hata mstari mmoja wa marekebisho. Hakuna. Nikaenda kwenye maelezo ya mwisho, hakuna. Majedwali yamebanwa hadi nambari zinasomeka kwa kukunja uso, michoro imefifia, na siwezi hata kumwazima rafiki. Yaani nimepata ugumu wote wa karatasi bila faida yake, na ile faida moja kubwa ya dijitali, kusahihishika, hakuna aliyejisumbua kuitumia. Kahneman alifariki Machi 2024. Hawezi tena kuandika aya hiyo, lakini wanaoendelea kuuza wanaweza kuiweka.

Sisemi kitabu kitupwe. Sura ya 11, kuhusu nambari ya kwanza unayoisikia inavyokuvuta, ni dhahabu. Ukienda Toi na muuzaji aanze na 1500, utaondoka na kiatu cha 900 ukijiona mjanja, hata kama kilistahili 600. Mradi mkubwa wa 2014 uliorudia majaribio ya zamani katika maabara nyingi ulilipata jambo hili likiwa na nguvu kuliko hata ilivyoripotiwa mwanzoni. Shida ni kwamba ndani ya kitabu, sura ya 4 na ya 11 zinaongea kwa sauti moja, kwa uhakika uleule. Msomaji wa matatu hana njia ya kujua ipi imesimama na ipi imeanguka.

Kwa hivyo ukiwa nacho, anza na sura ya 10, kisha ndiyo urudi ya 4, usome ukihesabu watu walikuwa wangapi kwenye kila jaribio. Na ukikuta utafiti mtamu mno, usiubebe moja kwa moja hadi kwa mtu ambaye hawezi kujitetea.

Picha ya macho niliibandua. Mahali pake kuna karatasi yenye majina yetu wanane, kila kikombe kinawekewa alama, na Ijumaa tunatumiana pesa kwa simu. Auntie naye anakunywa bure. Wazo hilo halikutoka kwenye kitabu.