Jina la nafasi uwanjani lisituamulie nani ni bora

Majuzi nilimshinda mpwa wangu katika mjadala, na tangu siku hiyo nafsi inanisuta. Kijana huyu anasomea Brisbane, Australia, na amenaswa huko na raga ya wachezaji 13 kila upande, ile ambayo Waingereza huiita 'rugby league'. Si ile ya 15 wala ya saba tuliyoizoea hapa kwetu. Alinipigia simu akaniuliza, "Mjomba, ni nani mchezeshaji bora kabisa katika historia ya mchezo huu?" Nikamjibu papo hapo: Wally Lewis. Yeye akasema ni Cameron Smith. Nikacheka. "Smith si mchezeshaji, bwana. Smith ni 'hooker'!" Akanyamaza. Nikakata simu nikijiona gwiji.

Baadaye nilijiuliza: kwani nilitoa hoja gani? Sikutaja pasi hata moja, wala mechi, wala takwimu. Nilitaja jina la nafasi, basi. Jina ndilo lililonishindia, na ushindi wa aina hiyo ni wa kuonewa haya.

Tuyachunguze majina yenyewe. Raga hii ilizaliwa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, mnamo 1895, klabu za huko zilipojitenga na chama kikuu kwa sababu ya malipo ya wachezaji waliokosa kazi ili wacheze. Zilipojitenga zilibeba majina ya zamani. Majina hayo yalikuwa ramani: yalieleza mtu amesimama wapi nyuma ya wale wanaosukumana kwenye skramu. Wa mwisho kabisa ni 'full-back', yaani nyuma kamili. Aliye karibu ni 'half-back', nusu ya njia. Katikati yao wakawekwa 'three-quarters', robo tatu.

Kisha watu wa Nyuzilandi wakamsimamisha mchezaji mwingine baina ya nusu na robo tatu. Wengi humtaja Jimmy Duncan wa Otago kuwa ndiye aliyeanzisha mpango huo. Sasa huyu aitwe nani? Piga hesabu: nusu ni nne kwa nane, robo tatu ni sita kwa nane. Anayesimama katikati ni tano kwa nane. Hivyo ndivyo lilivyopatikana jina 'five-eighth', na Waaustralia wanalitumia hadi leo kwa mchezaji wa jezi nambari 6. Waingereza humwita mchezaji huyo huyo 'stand-off', kwa kuwa alisimama kando na skramu. Mtu mmoja, majina mawili, na hakuna hata moja linalotuambia anafanya kazi gani!

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kulitafsiri jina hilo kuwa "mchezaji wa tano juu ya nane". Nilimsahihisha kwa mzaha kwamba Kiswahili kina neno la moja kwa nane, nalo ni thumni, lile ambalo wazee wetu waliligeuza sumni kwa sarafu ya senti hamsini. Kwa hiyo angesema "thumni tano". Tulicheka, lakini tafsiri zote mbili ni mbovu kwa sababu moja: zinabeba hesabu na kuacha maana. Msomaji wa Kakamega au Voi atajua Lewis alikuwa sehemu tano kwa nane za kitu fulani, asijue kwamba ndiye aliyeamua mpira uende wapi.

Watangazaji wetu wa kandanda wana busara zaidi. Husema fulani ni kiungo, neno lililotoka mwilini, mahali mfupa unapokutana na mfupa. Husema fulani ni mpishi, ndiye aliyepika bao. Hayo ni majina ya kazi. Kwa muda mrefu nimeamini kwamba hapo ndipo Kiswahili kinapoupiku ubingwa wa Kiingereza: ita mtu kwa anachofanya.

Lakini mpwa wangu amenivurugia imani hiyo, kwa sababu 'hooker' nalo ni jina la kazi. Lilimaanisha mtu anayeunasa mpira kwa mguu ndani ya skramu na kuuvuta nyuma. Katika raga ya 13 ya leo, skramu imebaki kama desturi tu, na ni nadra sana mpira kugombewa humo. Kazi imekufa, jina linaishi. Badala yake, mchezaji akikabwa huinuka na kuuviringisha mpira nyuma kwa mguu, na anayeuokota kwa kawaida ni yule yule wa jezi nambari 9. Timu hupewa nafasi ya kukabwa mara sita, kwa hiyo karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Yeye huamua: kulia, kushoto, apige teke au akimbie mwenyewe. Kama huo si uchezeshaji, ni nini?

Sasa turudi kwenye mjadala. Mwaka 2008 Australia ilipotangaza kikosi cha karne, Lewis alipewa nambari 6 na Andrew Johns nambari 7. Wateuzi hawakulazimika kuchagua kati yao, majina ya nafasi yaliwakwepesha swali. Na hoja za wote wawili ni nzito. Lewis aliichezea Queensland mechi 31 dhidi ya New South Wales na kuteuliwa mchezaji bora wa mechi mara nane. Johns ndiye aliyetoa pasi iliyozaa trai ya ushindi ya Newcastle katika sekunde za mwisho za fainali ya 1997. Johnathan Thurston, aliyevaa 6 na 7 kwa ustadi ule ule, alishinda tuzo ya Dally M mara nne. Halafu Smith: mechi 430 za ligi kuu, Dally M mbili zilizopishana kwa miaka 11, 2006 na 2017. Ni mtu gani anayeweza kumfungia mlango huyu kwa kuwa jina lake linahusu skramu?

Mimi bado namtanguliza Lewis, kwa kuwa aliamua mechi ngumu zaidi mbele ya wapinzani waliojua anachokuja kufanya. Lakini sasa nasema hivyo baada ya kumweka Smith kwenye mizani.

Kwa waandishi wetu wa michezo nina pendekezo dogo. Nafasi itajwe kwa nambari ya jezi, maana nambari haidai kueleza kazi. Kazi itajwe kwa neno la Kiswahili, mchezeshaji, na apewe yeyote anayeifanya siku hiyo, awe 6, 7 au 9. Kazi ikihama, neno nalo lihame.

Jana nilimpigia kijana simu. Nikamwambia, "Mpwa wangu, ule mjadala hatukuumaliza." Akajibu, "Najua, Mjomba. Nilikuwa nakungoja."